Chombo cha Ndara na Mizani ya Lamu: Uchambuzi wa Kisa cha Flipflopi

Kikundi chetu cha kujitolea hapa Kilifi kiliwahi kuokota magunia 40 ya taka kwa asubuhi moja. Tulianza baada ya sala ya alfajiri, maji yakiwa yametoka, tukamaliza jua likiwa utosini. Tukayapanga magunia kando ya barabara, tukapiga picha, tukagawana chai na mahamri, kila mtu akaenda kwao. Lori tuliloahidiwa halikuja siku ile, wala kesho yake. Wiki ya tatu mbuzi walikuwa wameshayatoboa magunia, masika imeyanyeshea, na upepo unazirudisha chupa kule kule tulikozitoa. Mama mmoja mwenye kibanda cha mihogo jirani na pale akaniita, akaniuliza bila hasira kama huo ndio usafi wenyewe. Sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku ile kila kikundi cha mazingira nakipima kwa swali moja, na chetu ndicho cha kwanza: gunia likishafungwa, linakwenda wapi? Kisa ninachokichambua hapa ni cha watu waliokabiliwa na swali hilo mahali pagumu kuliko petu, kisiwani Lamu, wakaanza kulijibu kwa kuunda chombo cha bahari. Chombo chenyewe wengi wamekiona pichani: rangi rangi kama leso za sikukuu, tanga jeupe, ubavu umevikwa ndara za kila rangi. Jina lake ni Flipflopi. Kilichotokea kabla na baada ya picha hizo ndicho kinachotuhusu sisi tunaobeba magunia.

Kisiwa na taka yake

Lamu haina nafasi ya kuficha uchafu. Mji wa kale, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ni vichochoro ambamo punda wawili wakikutana na mizigo yao lazima mmoja ajibanze ukutani. Magari ni ya kuhesabu. Maji ya kunywa yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambako mvua huchujika na kukaa juu ya maji ya chumvi, kwa hiyo huwezi kuchimba shimo la taka popote upendapo. Kinachoingia kisiwani huingia kwa mashua kutoka Mokowe, gati lililoko bara, na kinachotoka sharti kitoke kwa mashua vilevile, kipakiwe kwenye lori, kisha kisafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa.

Soda inayolipa nauli yake hufika. Chupa tupu haina wa kuilipia nauli, basi inabaki. Ikibaki, huchomwa usiku nyuma ya nyumba, au hutupwa jaani ambako punda huila pamoja na maganda. Hospitali ya punda iliyoko pale mjini, inayoendeshwa na shirika la The Donkey Sanctuary tangu miaka ya 1980, imeshatibu punda wenye tumbo lililozibwa na mafundo ya nailoni. Punda ndiye anayebeba mchanga, saruji, maji na samani za Lamu. Akifa kwa mfuko wa plastiki, ni familia nzima imepoteza riziki.

Tena kuna taka ambayo haikununuliwa na mtu yeyote wa Lamu. Upepo wa kaskazi unapovuma, na baadaye kusi, mikondo ya Bahari ya Hindi hutupa mizigo yake kwenye fukwe za nje zinazoikabili bahari kuu. Ukitembea fukwe hizo utaokota chupa zenye maandishi ya Indonesia. Lakini tusijidanganye kwa hilo. Kwenye fukwe za karibu na miji, chupa zilizo nyingi ni zetu wenyewe, zimetoka dukani kwetu na zimepitia mtaro wetu.

Ndara nazo zina historia yake katika kaunti hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Kiunga karibu na mpaka wa Somalia, mhifadhi wa bahari Julie Church aliona fukwe ambazo kasa hupanda kutaga mayai zimejaa ndara kuukuu, na watoto wa kijijini wanazichonga kuwa vitu vya kuchezea. Wanawake wa Kiunga wakaanza kuzikata, kuzisafisha na kuziunganisha kuwa vishikizo vya funguo na mapambo. Kazi hiyo ndiyo iliyokua ikawa Ocean Sole, ambayo leo sanamu zake za tembo na twiga hupelekwa nchi za mbali, na karakana yake iko Nairobi. Ni kazi nzuri na imewapa watu ajira. Lakini iangalie njia iliyopita: malighafi ilitoka Kiunga, na kazi ilipopanuka ikakua kule kulikokuwa na barabara, umeme na soko. Nakumbusha jambo hili kwa sababu watu wa Flipflopi, walipofika mahali hapo hapo pa kuchagua, walichagua njia nyingine.

(Kwa msomaji wa mbali: ndara, champali, malapa, kandambili, patipati, zote ni kiatu kile kile. Kitu chenye majina mengi hivyo katika lugha moja kimeingia kila nyumba, na kila nyumba imekitupa.)

Fundi na mbao zisizokuwa mbao

Wazo lilianza mwaka 2016. Ben Morison, mtu wa shughuli za utalii aliyeijua pwani hii tangu utotoni, alikasirishwa na hali ya fukwe, akataka kuunda jahazi kwa plastiki iliyokwisha kutupwa. Dipesh Pabari akaingia katika uongozi wa mradi. Lakini wazo la kuunda jahazi ni maneno matupu mpaka apatikane wa kuliunda, na hapo ndipo anapoingia fundi Ali Skanda, wa ukoo wa mafundi wa Lamu, mtu aliyekulia kati ya vumbi la mbao na harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka vyombo.

Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi uliokibeba kisa chote. Wangeweza kununua boti ya kiwandani wakaibandika ndara ubavuni, na wapiga picha wasingejua. Badala yake waliipeleka taka kwenye ufundi ambao Lamu inaumudu kuliko mahali pengine popote Kenya. Visiwa hivi ndivyo vya mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Kijijini Matondoni hadi leo hukosi mashua juu ya magogo inasubiri kushuliwa. Na ufundi huo wenyewe uko mashakani, kwa kuwa mbao ngumu zimeadimika na bei zimepanda, na Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, mikoko ya Lamu ikiwamo. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi. Fundi aliyezoea kuchagua taruma, yaani mbavu za ndani za chombo, kutoka kwenye tawi lililojipinda lenyewe msituni alikuwa anatafuta pa kushika. Mradi haukuja na kazi ngeni, ulikuja na mbao ya namna nyingine.

Mbao hiyo ilikuwa na ukaidi wake. Plastiki ngumu, ile ya madebe ya mafuta ya kupikia na chupa za sabuni, husagwa ikawa chembechembe, huyeyushwa, kisha husukumwa ndani ya kalibu ikatoka ubao au mhimili. Unaweza kuikata kwa msumeno, kuipiga randa, kuitoboa kwa keekee. Ila haina uzi kama mti. Ubao wa mvule ukiulemea unakataa, wa plastiki unajipinda taratibu na usipouegemeza unabaki hivyo. Juani hurefuka kupita kiasi: ubao wa mita 3 ukipata moto nyuzi 30 zaidi ya ulivyokuwa alfajiri, huongezeka kama sentimita nzima, ilhali wa mti hauongezeki hata milimita moja kwa urefu. Fundi wa Lamu anategemea pia kwamba chombo kikishakaa majini mbao zitanywa maji, zivimbe na kuubana ule uzi wa pamba aliotia kalafati kuziba nyufa. Plastiki hainywi maji. Mwanya ulioacha ndio utakaokutana nao baharini. Kwa upande wa pili, haiozi, na wale wadudu wa majini wanaotoboa mbao, ambao kwa ajili yao mababu walipaka deheni chini ya chombo kila msimu, hawana cha kula pale.

Kwa hiyo mkuku, mataruma na mbao za ubavuni vilijaribiwa, vikakosewa, vikarudiwa. Michanganyiko ya plastiki ilibadilishwa mpaka ikapatikana inayostahimili. Ilichukua kama miaka 2. Takriban tani 10 za plastiki ziliingia katika chombo kile, na ndara 30,000 zikasafishwa, zikakatwa na kuunganishwa kuwa ngozi ya nje ile inayometameta. Ndara hizo hazibebi uzito wowote wa chombo. Ni vazi. Nalisema hili kwa sababu wengi huamini jahazi zima ni champali, na wakiamini hivyo wanakosa kuona kwamba kazi ngumu iliyofanyika ni ile ya debe la mafuta.

Chombo kikashuliwa Lamu tarehe 15 Septemba 2018, siku ya usafi duniani. Urefu wake ni kama mita 9, nacho kikaitwa Flipflopi Ndogo, kwa kuwa tangu mwanzo nia ilikuwa kuunda kikubwa zaidi cha kuvuka bahari kuu, na hiki kilikuwa cha kujifunzia.

Safari ya kaskazi

Tarehe 24 Januari 2019 kilitweka tanga kikaondoka Lamu, kikishirikiana na kampeni ya bahari safi ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Wakati haukuchaguliwa kwa bahati. Januari na Februari kaskazi imekomaa, na ndiyo iliyowasukuma mababu kutoka huku juu hadi Unguja miaka na miaka kabla ya injini. Kilipita Malindi, Watamu, Kilifi, Mombasa na kwingineko, kikaingia Mji Mkongwe tarehe 7 Februari, umbali wa kilomita 500 hivi.

Kila kituo kilikuwa na watoto wa shule, wavuvi, wakuu wa serikali na hoteli zilizotoa ahadi za kupunguza plastiki. Nilivyosimama ufukweni nikitazama, kilichonigusa ni wazee wa bahari. Watu hawa ukiwaletea kipeperushi kuhusu mazingira wanakitumia kufungia kashata. Siku ile walikizunguka chombo, wakakigonga kwa vidole, wakainama kutazama namna mataruma yalivyofungwa, wakabishana kuhusu mlingoti. Walijadili taka kwa saa nzima bila kulitaja neno lenyewe. Sijawahi kuona mkutano wa hadhara wa mazingira uliowashika watu hao hivyo.

Sasa tupime matunda ya safari kwa uadilifu. Miaka hiyo hiyo jaa la Kibarani, lililokuwa likimwagikia mkono wa bahari pale Makupa, lilifungwa na Kaunti ya Mombasa na mahali pake pakapandwa miti. Tanzania ikapiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, miezi 4 baada ya chombo kutia nanga Zanzibar. Wapo wanaoyahesabu haya yote kuwa kazi ya jahazi. Mimi sithubutu. Kelele za wakazi kuhusu Kibarani zilikuwa za miaka mingi. Zanzibar ilikwisha kupiga vita mifuko tangu 2006, Rwanda 2008, na Kenya yenyewe ilikuwa na marufuku yake tangu tarehe 28 Agosti 2017, yenye faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Jahazi lilifika mlango ukiwa umeshafunguka nusu, likausukuma. Kazi hiyo nayo ni kubwa, wala haihitaji kuongezewa chumvi.

Mwezi Machi 2021 chombo kilipelekwa Ziwa Victoria, kikaanzia Kisumu na kuzuru mwambao wa Kenya, Uganda na Tanzania, na kutoka hapo waandaaji wakashikilia hoja kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki inahitaji sheria moja ya plastiki za kutumia mara moja. Hoja ina mashiko kwa yeyote aliyewahi kuvuka Namanga au Busia. Mfuko uliokatazwa upande huu huingia kwa boda kutoka upande ule. Maji ya ziwa hayana kizuizi cha forodha.

Mizani

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa maana hapa ndipo vikundi vingi vya kujitolea hufia, chetu nusura kikiwamo.

Chukua gunia lile kubwa la mahindi ya kilo 90. Lijaze chupa za maji za nusu lita bila kuzikanyaga. Mtu akiliona begani mwako atadhani umebeba mali. Liweke kwenye mizani: halifiki kilo 4. Uliyoibeba ni hewa. Sasa ipandishe hewa hiyo kwenye mashua, ishushe Mokowe, ilipie lori mpaka Mombasa, na mnunuzi akulipe kwa kilo. Nauli imeshaimeza bei kabla hujafika Garsen. Kwa hesabu hii hakuna mahubiri ya usafi yatakayomfanya mtu wa Lamu, Faza au Kizingitini akusanye chupa mwaka mzima. Atakusanya Jumamosi moja kwa mapenzi ya Mungu na ya mji wake, kisha atachoka, wala hatakuwa na kosa.

Nauli ya hewa haina dawa isipokuwa kuikamua hewa, au kuibadilisha plastiki kuwa kitu chenye thamani pale pale ilipo. Flipflopi baada ya safari zake ilifanya hayo mawili. Ilifungua kituo Lamu ambako taka hununuliwa kutoka kwa wakusanyaji, hupangwa kwa aina, husagwa na kutengenezwa mbao, na mbao hizo hutoka samani na vyombo. Kando yake kukawa na karakana ya kuwafunza vijana ufundi wa kuunda vyombo, ule wa zamani pamoja na huu mpya. Habari hii haikupata hata robo ya picha zilizopigwa jahazi. Kwangu mimi ndiyo kilele cha kisa, kwa sababu mtu mwenye gunia sasa ana mlango wa kubisha wiki yoyote, na mlangoni kuna mizani.

Na mizani hufundisha jambo ambalo ufukweni hatukulijua. Sisi tunaojitolea tunapenda plastiki ya baharini. Inatia uchungu kuitazama, na kuiondoa kunatuliza moyo. Lakini muulize anayeyeyusha. Plastiki iliyokaa juani na chumvini imechakaa hadi ndani: ukiikunja inavunjika kama kaukau, ina mchanga, ina magamba ya chaza, haijulikani ilikuwa nini. Ubao wake ni dhaifu. Debe la mafuta lililotoka jikoni kwa Bi fulani wa mtaa wa Langoni, Lamu, juzi, likasuuzwa, ni mali safi. Ukilipata kabla halijaonja maji ya bahari, umeokoa bahari na umepata ubao. Ukilisubiri ufukweni, umeshachelewa kwa yote mawili.

Kwa hiyo kazi ya mtu wa kujitolea inahama. Inatoka kwenye mchanga, inaingia vichochoroni, kwenye milango ya Langoni na Mkomani. Huko hakuna drone wala fulana za mfadhili. Kuna kumwomba mama wa nyumba, kwa adabu yake na baada ya kuulizana hali, aweke ndoo ya pili kando ya ile ya maganda. Kuna kurudi wiki inayofuata bila kukosa, kwa sababu ukikosa mara mbili ndoo hiyo inageuzwa ya kufulia.

Upangaji wenyewe watu huuogopa bure. Nitaeleza tunavyofanya sisi, tulivyojifunza kwa waliotutangulia. Beseni la maji linatosha kuanzia. Kata chupa ya maji vipande, tia ndani pamoja na kizibo chake. Chupa inazama, kizibo kinaelea. Ni plastiki mbili tofauti zilizokuwa zikibusiana siku zote, na ukiziyeyusha pamoja hazishikani vizuri. Madebe ya mafuta na chupa za sabuni huelea. Mabomba ya maji ya kijivu huzama, na hayo yatenge mbali kabisa, kwa sababu yakipata moto hutoa hewa yenye tindikali inayochoma mapafu na kula mashine. Kisha geuza chombo utazame chini yake: ile pembetatu ya mishale yenye namba ndani. Namba 1 ni chupa za maji na soda, namba 2 madebe, namba 5 vikopo vya siagi na mtindi, namba 3 ndiyo ile ya kuikimbia. Watoto wa darasa la 4 wameijua mchana mmoja na sasa wanatusahihisha.

Kisichokubali mizani

Nisingekuwa mkweli nikiishia hapo. Zaidi ya nusu ya uzito wa ndoo ya nyumbani ni maganda, makapi ya nazi, mabaki ya chakula na majani, na hayo hayahitaji mashine, yanahitaji shimo la mbolea na mtu wa kulisimamia. Kisha kuna vipakiti. Sabuni ya shilingi 10, kahawa ya shilingi 5, mafuta ya nywele, biskuti: vyote vimefungwa kwa karatasi ya plastiki yenye utando wa bati ndani. Tabaka zimegandishwa, hakuna anayezitenganisha kwa faida. Kuna nepi za watoto. Kuna nailoni nyepesi inayopeperuka. Hakuna jahazi litakaloundwa kwa vitu hivi, na kumwambia mama anayenunua sabuni ya siku moja kwa sababu ana hela ya siku moja kwamba yeye ndiye mchafuzi ni kumdhulumu.

Hapo kujitolea kunafika mpaka wake, na sheria ndiyo inayopaswa kuendelea. Kenya ilikataza plastiki za kutumia mara moja katika hifadhi, misitu na fukwe zilizolindwa kuanzia tarehe 5 Juni 2020. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kupangia taka, na inamtaka mzalishaji awajibike kwa kifungashio chake hata baada ya kukiuza. Hiki kipengele cha pili kwangu kina uzito kuliko vyote. Kampuni iliyolipia nauli ya soda hadi Lamu ndiyo inayopaswa kulipia nauli ya chupa kurudi. Tukifika hapo, hesabu ya gunia la kilo 4 inabadilika yenyewe. Duniani, nchi 175 zilikubaliana Nairobi mwezi Machi 2022 kuandika mkataba wa plastiki. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yakavunjika bila mkataba. Mikondo ya Indonesia haikusubiri.

Kuna wanaoukosoa mradi wa jahazi kwa hoja hii: kwamba kuchakata taka kunampa mzalishaji usingizi mtamu, azalishe zaidi akijua kuna wajinga wa kuokota. Hoja ina ukweli, nami nimeikubali kwa sehemu. Lakini nimeona pia kwamba anayesimama mbele ya wabunge akiwa na orodha ya kilo, aina na majina ya vifungashio alivyopima mwaka mzima husikilizwa tofauti na anayekuja na huzuni tu. Mizani imempa hoja. Flipflopi ilipodai sheria ya Afrika Mashariki ilikuwa na chombo nyuma yake na kituo chini ya chombo, na hakuna aliyeweza kuwaambia waende kwanza wakajue taka ni nini.

Sisi Kilifi hatuna jahazi, wala hatulihitaji. Tumebadilisha matatu. Hatufungi gunia kabla mnunuzi hajasema atakuja lini na atachukua aina gani. Jumamosi tatu za mwezi ni za milangoni, moja tu ni ya ufukweni. Na kila kitu kinapimwa, kinaandikwa kwenye daftari la kurasa 200, kwa mkono wa binti mmoja mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi sote. Mama wa mihogo ndiye anayetunza ufunguo wa stoo, kwa kuwa kibanda chake kiko mbele ya mlango na yeye ndiye aliyeuliza swali.

Madebe yanaondoka kila mwezi. Vizibo vinaondoka kila baada ya miezi 3. Vipakiti tunavitenga kwa jina la kampuni, tunavihesabu, tunaviandika, na hakuna anayevinunua. Gunia lake la kwanza lilijaa kabla ya Ramadhani. Wiki hii tumefungua la tatu.